Nahodha wa Ghala la Viatu

Alhamisi, 17 Oktoba 2019. Grand Prairie. Baridi ya kwanza imeingia, na upepo unagonga milango ya ghala kama mdai.

Shajara, elewa kwamba nisipoamka mimi, nusu ya Texas inatembea pekupeku. Viatu vyao vyote vinapita kwenye foklifti yangu ya kunyanyulia mizigo. Warundi wenzangu wananiita Nahodha, kwa sababu ya habari zangu za Ziwa Tanganyika: mawimbi marefu kuliko mnara wa kanisa, abiria mia mbili, na mimi nimeshika usukani kwa mkono mmoja, wa pili una chai.

Sasa sikia kilichonipata.

Mwezi uliopita alianza kazi Mzee Behruz, Mwajemi, mtu wa pwani ya kwao. Siku ya kwanza akasikia vijana wakinipigia kelele, "Nahodha, leta mzigo!" Akasimama kama kapigwa shoti. Wakati wa chakula akaniuliza, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, nani alinipa neno la baba yake.

Neno la baba yake!

Akanieleza. Kwao ni nakhoda. Nav ni chombo. Khoda ni bwana, na ndilo neno wanalomwitia Mungu. Nikamwambia sisi tunasema nanga, akasema langar. Nikasema bandari, akasema bandar, akacheka mpaka akafuta macho.

Nywele zilinisimama. Mimi shule niliishia darasa la tano, nilidhani maneno yetu yameota kwetu kama mihogo. Kumbe hili limetoka Uajemi, likavuka bahari, likapanda bara mpaka ziwani, likakaa nasi kwenye kambi ya wakimbizi, likapanda ndege pamoja nasi, na limemkuta mwenyewe hapa, katikati ya maboksi ya viatu. Na hakuna aliyelikatia tiketi.

Baba yake alikuwa nahodha. Anasema kwao, nahodha hajaketi, hakuna anayeketi. Hajaonja, hakuna anayekula. Basi tangu siku ile mzee wa miaka sitini na kitu anasimama na bakuli lake la wali mpaka mimi nifungue ugali wangu.

Mwanzoni nilikuwa nafungua polepole, makusudi.

Leo kaja na jambo. Jumamosi amekodi boti ndogo kwenye ziwa la Lewisville, analeta wajukuu. "Hawajawahi kumwona nahodha," akaniambia, "na baba hakuwahi kuwaona. Usukani ni wako, ndugu."

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu, Mama Divine. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Nahodha wa kochi! Waonee huruma watoto wa watu, baba."

Hajui amesema kweli kiasi gani.

Kesho wakati wa chakula nitasimama mimi, yeye aketi, aanze kula. Kisha nitamwambia: kule Tanganyika nilikuwa mfua maji. Nilikaa chini kabisa na kopo la mafuta ya msaada, nachota yanayoingia, namwaga nje. Na safari yenyewe ilikuwa moja tu, nusu yake nikitapika ndani ya kopo hilohilo.