Matundu Mawili Kwenye Mlango wa Karatasi

Mpendwa Mshauri,

Naomba uniazime sikio kidogo, mwanangu amelala usingizi wa mchana na akiamka kalamu hii itakuwa yake. Nina mtoto wa miaka mitatu, nimwite Ibuki, na mwingine yuko tumboni, kwa hiyo uchovu wangu hauna likizo. Mwezi uliopita mama mkwe wangu alitimiza miaka sitini, na mume wangu akatupeleka sote kulala usiku mmoja katika nyumba ya wageni ya kale iliyo ufukweni kule pwani ya Tango, hapa hapa Japani, nyumba ya mbao ya miaka mia na themanini, ambako mama mkwe alikula fungate yake na amekuwa akirudi kila msimu wa kaa unapofunguliwa, na mwenye nyumba, Bi Kuwabara, anamjua mpaka aina ya mto anaopenda kulalia.

Mambo yalikuwa mazuri, sisemi uongo. Mama mkwe alivaa kizibao chake chekundu cha kutimiza sitini, tukala kaa wa kuchoma, tukaoga maji ya moto huku mawimbi yakipiga chini ya dirisha, na mimi kwa mara ya kwanza tangu nijifungue nilikula chakula kikiwa bado kina mvuke. Asubuhi, tunajiandaa kushuka kula, nikasikia pof, halafu pof tena. Nageuka, namkuta Ibuki amesimama mbele ya mlango wa karatasi, ule wa fremu ya mbao unaotazama baharini, kidole kimetokea upande wa pili, ananiambia, "Mama, naiona bahari."

Nikasema nashuka kumwambia Bi Kuwabara. Mama mkwe akanishika mkono. "Wewe, kaa hapo. Miaka thelathini na mitano nakuja hapa, sijawahi kumwaga hata tone la chai kwenye mkeka. Leo ndiyo nikatangaze kwamba mjukuu wangu hana adabu?"

"Mama, ni karatasi tu."

"Kwako wewe ni karatasi."

Kisha akachukua chombo cha maua kutoka kwenye kishubaka cha ukutani, mahali pake pa heshima, akakiweka sakafuni mbele ya yale matundu, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama kama fundi anayetazama kazi yake, akamwinamia Ibuki: "Hii ni siri yetu, sawa? Tusiseme." Mume wangu wakati huo alikuwa anafunga begi ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Basi tukashuka, tukala, tukarudi kuchukua mizigo, tukaondoka. Pale langoni Bi Kuwabara akachuchumaa, akampa Ibuki maua mawili madogo ya karatasi nyeupe, bapa, yenye petali tano tano, akamwambia, "Haya ni yako, yatunze vizuri," kisha yeye na watu wake wakatuinamia na kutupungia mkono mpaka gari likapinda kona, na mimi nusura nishuke nikaseme.

Lingeishia hapo nisingekuandikia. Juzi nilikuta kikombe kilichovunjika nyuma ya pazia, kimefunikwa na dubu wa kitambaa, na nilipomuuliza Ibuki akaweka kidole mdomoni: "Tusiseme." Mshauri, karatasi nitailipia, aibu nitaimeza, lakini mtoto anayeficha kikombe leo, kesho atajikata mguu na kuuficha nao. Nilimwambia mama mkwe kwamba naandika barua ya kuomba radhi. Akajibu kwamba nikiandika, hatakanyaga tena ile nyumba, na nitakuwa nimemnyang'anya mahali pekee anapohisi marehemu mumewe bado yuko naye. Sitaki kumnyang'anya. Kunyamaza pia sitaki. Nifanyeje? Majina nimeyabadilisha, maana mama mkwe husoma gazeti hili.

Mama Ibuki, Maizuru

*

Mama Ibuki,

Pole kwa uchovu, na hongera kwa kaa wa moto. Sasa niambie: yale maua umeyaweka wapi? Kama yameenda na makaratasi ya peremende, simama ukayatafute kwenye pipa kabla hujamaliza kusoma.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ya wageni, nimeosha sahani za watu kabla sijajua kusoma. Karatasi za milango tunabadilisha mwisho wa mwaka. Kidole cha mtoto kikipita kabla ya hapo, hatubandui mlango mzima. Tunakata ua kwenye karatasi ileile, tunalipaka gundi ya wali, tunaziba tundu. Marehemu mama yangu aliyakata mengi na kuyaweka tayari kwenye kopo la biskuti. Matundu yalikuwa mangapi? Mawili. Maua mangapi? Mawili. Binti yangu, Bi Kuwabara aliona, akasamehe, na akayasema yote mawili bila kumwaibisha mama mkwe wako mbele ya wafanyakazi.

Alijuaje? Mlipokuwa mnakula, mhudumu alipanda kukunja magodoro. Katika nyumba ya namna ile chombo cha maua hakitembei. Kukihamisha kutoka kwenye kishubaka ni sawa na kuandika jina lako ukutani kwa wino.

Lakini na wewe una kosa lako. Ulimsikia mtoto akifundishwa "tusiseme", ukashuka ukala samaki wako. Na hiyo barua usiiandike. Barua utakayoituma kwa kumzunguka mama mkwe nayo ni chombo cha maua kingine.

Fanya hivi. Mtengenezee mama mkwe chai, weka yale maua mawili mezani mbele yake, mweleze ni ya nini, kisha nyamaza umwache ayatazame. Usimhubirie. Halafu piga simu, mwombe Bi Kuwabara awapokee kabla ya usafi wa mwisho wa mwaka, maana baada ya hapo karatasi itakuwa mpya na mtoto hatakuwa na cha kuziba. Nunueni boksi la vitamu vya mji wenu, Ibuki alishike kwa mikono miwili, aseme, "Nilitoboa, nisamehe," na abandike maua kwa kidole kilekile. Mumeo mwambie begi limeshafungwa, sasa aendeshe gari. Na leo hii, mtoto akiamka, zoeni pamoja vile vipande vya kikombe, umwambie kwamba nyumbani kwenu kinachovunjika kinasemwa.

Na wewe, mama mkwe, ambaye umeshajitambua tangu mstari wa tatu, nenda nao. Miaka thelathini na mitano watu wa nyumba ile wamekupenda, na si kwa sababu hujawahi kumwaga chai. Umemwaga, dada yangu, kila mgeni humwaga. Waliifuta ulipokuwa umekwenda kuoga.