Pampu Yako Nimeing'oa, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini ulinilea nisianze maneno na wewe kabla ya kukuamkia, na tabia hiyo sijaiacha.

Nina la kukwambia na naomba usinikasirikie. Ile pampu ya jakuzi nimeing'oa.

Wakumbuka siku ulipolileta jakuzi lenyewe? Hoteli moja ya Nyali ilikuwa ikibadilisha vyombo, ukalinunua kuukuu, likaja kwa mkokoteni na kukwama kwenye kona ya mtaa wetu. Wapagazi wakalivuta kwa kamba hadi juu darini, mtaa mzima umesimama unatazama. Bi Zuhura wa nyumba ya pili akatoa kichwa dirishani akauliza kama umeamua kuwa mtalii nyumbani kwako. Ukamjibu, "Mke wangu magoti yamuuma, Bi Zuhura. Na akae kitalii." Pampu uliifunga kwa mikono yako, skrubu moja moja, ukitukana chini kwa chini ukidhani sisikii. Tangu hapo kila jioni Mama alikaa kwenye maji ya moto, na ngazi akawa anazishuka peke yake.

Ulipotutoka, Mama akaingia eda na jakuzi akalikataa. Tulimwambia mjane hakukatazwa kuoga maji ya moto. Akasema lile si kuoga, ni starehe, na yeye hana wa kustarehe naye. Basi pampu ikakaa bila kuguswa miezi yote ile, katika hewa yetu hii ya chumvi, na magoti ya Mama nayo yakakakamaa. Eda ilipokwisha nikaiwasha. Baba, ilipiga kelele! Bi Zuhura akauliza kama tumefungua kinu cha kusaga mahindi.

Fundi Swaleh wa Bondeni akaifungua akanionyesha beringi zilivyoliwa na kutu. Akasema nunua mpya. Nikasema tengeneza. Akatia beringi nyingine, ikatulia siku chache, kisha ikaanza tena kupiga kelele kuliko mwanzo. Nikamwita tena, na tena, mpaka akawa akiniona barabarani acheka kabla hatujaamkiana. Sikutaka pampu uliyoifunga kwa mikono yako itoke nyumbani mwetu. Hiyo ndiyo kweli, na sikumwambia yeyote.

Na Mama je? Mama alikuwa anaswali kitini. Ngazi alizishuka ameniegemea, kila kidato "Yallah". Jakuzini haingii, aona haya kuwaudhi majirani kwa kelele zile. Nami nilikuwa nikimsugua magoti kwa mafuta ya mkaratusi na huku najiona mtoto mwema.

Siku moja akanishika mkono wenye ile chupa ya mafuta. "Mwanangu, mimi nliolewa na babako, sikuolewa na pampu. Ing'oe. Na kelele hizi zikianza, hata mwenyewe sijisikii."

Nilikasirika, Baba. Nilienda chumbani nikalia, mtu mzima mimi, mwenye kazi yangu Mbaraki na watu wa kuniita madamu. Kesho yake nikafuatana na Fundi Swaleh hadi Mwembe Tayari tukanunua mpya. Yako nimempa yeye atoe vipuri vinavyofaa. Alipoibeba kushuka nayo ngazi niligeuza uso.

Jioni ile Mama aliingia majini. Pampu mpya haisikiki kabisa. Nikakumbuka hakuchukua taulo, nikampelekea, na kabla sijafika juu nikasikia anazungumza. Nilidhani Bi Zuhura yuko dirishani. Dirisha lake lilikuwa limefungwa.

Alikuwa anakupa habari. Nani kaoa, nani kahama, bei ya nazi, na kwamba binti yako ni mkaidi, hakuokota mbali. Akakuuliza kitu kwa sauti ya chini. Kisha akacheka kile kicheko chake cha kujiziba mdomo, ambacho sijakisikia tangu tulipokuzika.

Niliiweka taulo kwenye kidato cha juu nikashuka polepole.

Basi sina habari ya kukuletea ambayo hujaipata. Mola akupe raha huko uliko, Baba yangu. Ngazi Mama ameanza kuzishuka mwenyewe, na mimi sitapanda tena jioni mpaka niitwe. Na nakuahidi, pampu hii ikianza tu kukohoa, siku hiyo hiyo naitoa.

Binti yako,
Mwanaisha