Fungu la Aliyebaki

Jumamosi, siku ya posho. Mvua imepiga alfajiri kisha ikaacha ghafla, na asubuhi milima ya ng'ambo, upande wa Kongo, ilionekana wazi mpaka nikahisi nikinyoosha mkono naigusa. Mguu unawasha. Nahimana anasema ukiwasha unapona. Leo niko tayari kuamini lolote.

Sijaandika tangu niungue. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikai vizuri kwenye karatasi.

Mimi ni dobi wa hospitali ya malale, ile waliyoijenga Wadachi nje kidogo ya Rumonge. Nafua mashuka ya wagonjwa na kuchemsha vitambaa vya kufungia vidonda. Wagonjwa wenyewe wengine wanasinzia na tonge likiwa bado mdomoni. Si kazi ya kujivunia mbele ya mashoga zangu, lakini naipenda. Kitambaa kinaingia kwenye maji kikinuka, kinatoka cheupe, nakianika juani, na jioni kinafunga kidonda cha mtu. Najua nimefanya nini siku hiyo.

Wiki mbili zilizopita mvua ililowesha jiko letu la nje. Figa moja likateleza kwenye matope, sufuria kubwa ikalala upande, na maji ya moto yakanishukia mguu wa kushoto kuanzia gotini. Nilipiga ukelele mpaka wagonjwa wa malale wakaamka. Nahimana, dobi mwenzangu, anaapa kwamba hiyo ndiyo dawa daktari aliyokuwa akiitafuta siku zote. Nilicheka huku nalia.

Daktari, naye Mdachi, alinifunga mwenyewe, taratibu, bila maneno mengi. Hilo silisahau. Lakini mambo ya wafanyakazi yako mikononi mwa nyapara, na nyapara wetu ni Shabani, mtu wa pwani, mrefu, anayesimama wima kama mlingoti na kutuonyesha kazi kwa fimbo. Kitu kikianguka miguuni pake haokoti, anangoja mwingine aokote. Sote tunamwona ana majivuno.

Alikuja akasimama mlangoni pangu. "Sheria ndiyo hiyo, Bi Zaina. Asiyefanya kazi hana posho. Na kibanda hiki ni cha dobi."

Maana yake nilielewa. Nisipoweza kusimama penye sufuria ifikapo leo, kibanda atapewa mwingine, nami nitapandishwa mtumbwi kurudi Ujiji, kwa kaka yangu.

Kaka hana neno. Mke wake ndiye anayo, tena mengi. Nilikaa kwao baada ya kufiwa na mume wangu, na kila nilipochukua kipande cha samaki aliangalia sahani, kisha akaniangalia mimi. Njaa sikuiogopa. Nilichoogopa ni kuwa mgeni tena.

Ndiyo maana nilifanya ujinga huu ninaotaka kuuandika.

Jumatatu hii nilifungua mlango nikakuta kizingitini kuna kikapu kidogo: dagaa, unga wa muhogo, chumvi kidogo kwenye jani. Hakuna aliyebisha hodi. Nilikijua kikapu, cha Nahimana. Nikajua pia vile vitu vimekatwa kwenye posho za wenzangu, kwa sababu dagaa walikuwa wamechanganyika, wakubwa kwa wadogo. Uso ukaniwaka moto. Nikaona nimekuwa ombaomba kabla hata ya kufukuzwa. Nikajikongoja na fimbo mpaka kwa Nahimana, nikamrudishia kikapu chake na shukrani nyingi za adabu, zile za kusemewa mlangoni bila kuingia ndani, nikarudi nimeinua kichwa.

Jioni ile Nahimana hakunisalimia. Kesho yake wapishi wakapita wakiangalia upande wa ziwa. Hata wachota maji, ambao hunisumbua kwa maneno yao kutwa nzima, walinyamaza kama wanapita msibani.

Nikasema basi, wamekasirika kwa kuwa nina heshima zangu.

Alhamisi Nahimana akashindwa kuvumilia. Alikuja na kuni kichwani, akazitupa chini mbele yangu.

"We Zaina, kweli unatoka mu kazi yetu? Tulikukosea nini?"

Nikamwambia sitoki popote, ila natolewa.

"Sasa mbona ulirudisha samaki? Samaki ile hairudishwi, mama. Ukirudisha, unasema umetoka mu mutumbwi."

Mimi ni mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani, nimekulia mjini, na kwetu hapakuwa na mvuvi. Ilibidi anieleze kama mtoto. Mume wake anavua dagaa usiku kwa moto wa matete, na asubuhi wakifika ufukweni wanapanga samaki mafungu juu ya mchanga. Mtu aliyeumia mtumbwini, akakatwa na kamba au akaungua na moto, naye fungu lake linapangwa mpaka apone. Wanaliita fungu la aliyebaki. Halipangwi mwisho, na hakuna anayeinama kuchukua lake kabla hilo halijakaa chini. Jirani hulipeleka na kuliacha mlangoni bila hodi, mwenye fungu asije akajiona anapewa sadaka. Akilirudisha, wanajua amejitoa, na nafasi yake inatafutiwa mtu.

Kwa hiyo nilikuwa nimewaaga wenzangu wote na mimi sijui.

Nilimshika Nahimana mikono. Sikumbuki nilisema nini, nakumbuka yeye alisema "mpore, mpore," kama anabembeleza mtoto mchanga. Kisha akaniambia kwao aliyejitoa kwa bahati mbaya hurudi kwa njia moja tu: anakuja mwenyewe siku ya kugawana, analichukua fungu lake kwa mkono wake, mbele ya watu.

Leo nimekwenda. Nahimana alikwisha kuwaeleza wenzetu kwamba sikujitoa.

Posho yetu hugawiwa uwanjani, majani ya migomba yakitandazwa chini, kila mfanyakazi na jani lake. Wapishi, wafagiaji, wachota maji, na wale wanaume wanaofyeka vichaka vya ufukweni wanakokaa mbung'o. Nilisimama pembeni na fimbo yangu. Shabani alikuwa akielekeza, na vijana wake wakipima unga, dagaa, chumvi na mawese. Walipomaliza nikaona vizuri kabisa: jani langu halikuwapo.

Shabani akasema, chukueni.

Hakuna aliyeinama.

Akarudia kwa sauti. Nahimana alikunja mikono akaangalia ziwa. Mpishi mkuu akaanza kujikuna shingo. Wafyeka vichaka, watu wanaojua siku yoyote panga laweza kuteleza, walisimama kama wamepandwa pale. Jua likapanda, dagaa wakaanza kunuka, nzi wakaja kwa furaha yao.

Harufu ndiyo iliyomtoa daktari.

"Nini hii? Kwa nini chakula iko chini?"

Wote wakamwangalia Nahimana. Akajifunga kanga vizuri kwanza. "Bwana daktari, fungu moja iko inakosa. Zaina ameungulia humu ndani. Fungu yake ikikosa, sisi hatuwezi kubeba."

Akamweleza habari ya mtumbwi. Daktari alisikiliza, lakini nilimwona anakunja uso. Akasema hapa si mtumbwi, hapa ni hospitali. Akauliza mtu akidanganya je.

"Mu mutumbwi tunajuana, bwana. Mwenye kuanguka kwa pombe hatumuwekee kitu."

Watu wote wakageuka kumwangalia mchota maji mmoja, naye akaangalia miguu yake. Hata daktari midomo ilimcheza.

Sikuwa nimepanga kusema. Mimi huandika, kusema mbele ya watu siwezi. Lakini niliona akirudi nyuma hatua moja, kama mtu anayetaka kwenda zake, na nikaona mtumbwi wa Ujiji.

"Bwana daktari," nikasema, "maji yale hayakuwa ya ugali wangu. Yalikuwa ya vitambaa vya wagonjwa wako."

Aliangalia mguu wangu. Ni yeye anayeufungua na kuufunga kila asubuhi, kwa vitambaa ambavyo Nahimana sasa anavichemsha peke yake. Kisha akamgeukia Shabani.

"Weka."

Jani likaletwa. Akasema, kwa Kiswahili chake kile cha kuvunjika, mtu akiumia kwa kazi ya hospitali posho yake inabaki, nyumba yake inabaki, na akipona anarudi mahali pake. Iwe hivyo mpaka wakubwa wa boma la Usumbura waseme vingine. Basi, wakisema vingine, sisi tutakunja mikono tena. Dagaa wananuka siku zote.

Nikainama kuchukua. Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu. Sikuiona. Nyuma yangu nikasikia watu wote wanainama kwa pamoja, na vicheko, na mtu anamtania mchota maji. Nimefurahi leo. Naandika hivyo wazi: nimefurahi.

Ningeishia hapo, ila kabla ya magharibi nilipata mgeni.

Shabani. Bila fimbo. Nilidhani amekuja kunitisha. Alisalimia, akaulizia mguu, akazungumza habari za mvua. Nikamkaribisha kigodani, akakataa, akabaki amesimama kama kawaida yake. Halafu akaniuliza, huku anaangalia mlango, kama lile fungu la mtumbwi linahesabu majeraha ya zamani.

Akanieleza kwamba wakati hospitali inajengwa, kabla sijafika mimi, gogo la paa lilimwangukia mgongoni. Alikaa chini mwezi mzima na hakupewa hata kibaba cha unga. Aliponyanyuka alikuwa hawezi tena kubeba, ndiyo wakampa fimbo ya kusimamia wenzake. Hajawahi kumwambia mtu. Kuinama hawezi, wala kukaa kwenye kigoda kifupi. Tangu tumjue hatujamwona akiokota kitu, na sote tukasema majivuno.

Nilimwambia sijui kama linahesabu. Nikamwambia pia mimi ni mgeni wa mambo haya, nimeyajua Alhamisi. Lakini njia ya kuuliza naijua: unakuja mwenyewe siku ya kugawana, mbele ya watu.

Akasema, "Na kuinama je?"

Nikamwambia hilo asihofu. Jumamosi ijayo atasimama uwanjani, aseme habari ya lile gogo kwa mdomo wake, nami nitakuwa kando yake. Fungu lake likiwekwa, mguu umepona au haujapona, nitainama mimi.