Barua ya Buni

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Ziwa halionekani kabisa, ukungu umekuja mpaka dirishani pa ofisi. Nimefungua sanduku la bati la Bibi. Harufu ya moshi wa jiko lake imejaa chumba cha nyaraka. Kwa muda nimesahau kuwa niko kazini.

Vilivyomo: chupa ya maji ya jeshi, imebonyea. Mkanda. Ganda la risasi ambamo Bibi alikuwa akiweka sindano. Kofia ya chuma haimo; Bibi anapimia maharage, amekataa katakata kuitoa. Na barua tisa za Babu kutoka vita vya Kagera, zimefungwa ndani ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti. Babu hakurudi. Mama yangu alikuwa bado anatambaa.

Nimevaa glavu nikazisafisha barua. Ndani ya kila barua mlikuwa na takataka: punje ya harage, bawa la senene, gamba la samaki, unyasi, uzi wa bluu, buni kavu na vikorokoro vingine. Panya, nadhani. Nimevipiga brashi vyote kwenye ndoo. Karatasi nimezilaza chini ya ubao zinyooke. Mzee Rwiza, bosi wangu, amepita akasema hivi ndivyo kazi inavyotakiwa. Nimejisikia mtu.

Jumatano, 6 Novemba

Nimezisoma zote tisa. Aibu kusema: zinachosha. Mwandiko ni mmoja, wa askari mwenzake, kwa sababu Babu hakujua kuandika. Hazina tarehe wala mahali. Kila moja inaanza mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yako na mtoto. Mstari mmoja wa viatu, au mvua, au shamba. Kisha salamu kwa watu wote wa nyumbani, majina yaleyale.

Nimezipa namba moja mpaka tisa, kama zilivyokaa kwenye ubao. Mchana nimesinzia juu ya meza. Mvua ya Bukoba haina huruma na mtu aliyeshiba ndizi.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimejaza fomu. Uchafu ulioondolewa: mbegu, mabawa, nyasi, nyuzi. Taka za wiki zimechomwa. Kesho Muleba, kumsalimia Bibi. Nina habari nzuri za kumpelekea: chumba cha maonyesho ya vita kinafunguliwa mwezi ujao, na barua za Babu zitakuwa mlangoni.

Jumamosi, 9 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nimefika Kamachumu, kijijini kwa Bibi, saa nne. Nimepita kwenye kaburi la Babu, pale kibanjani, katikati ya migomba. Ndani hamna mtu. Mwili haukuletwa, wakazika shina la mgomba limevikwa lubugo, ili naye awe na mahali. Bibi alikuwa mlangoni. Macho yamekwisha, sasa anaona mwanga tu. Amenijua kwa mwendo.

Amesema Babu anamjia ndotoni. Mwezi mzima sasa. "Anasimama nyuma ya jiko, mwijukuru wange. Ananiuliza kitu. Simsikii." Anataka nimletee ile barua ya buni nimsomee.

Nimeuliza ipi hiyo. Akacheka. Kisha akanieleza kama anayemfundisha mtoto. Bibi hakusoma, kisomo cha watu wazima alikikimbia. Kila barua ilipofika alisomewa na mwinjilisti, naye akatia ndani yake kitu cha siku ile. Ile aliyosomewa akipanda maharage, harage. Ile ya msimu wa senene, bawa. Ile iliyomkuta ametoka kununua samaki wa kisiwa cha Bumbire, gamba. Hivyo aliweza kuchukua yoyote aitakayo, akaishika, akajua imesema nini.

Ya tisa ilifika matanga yamekwisha anuliwa. Hakutaka isomwe. Akatia buni akaifunga. "Nilitaka abaki na neno ambalo hajaniambia bado." Ndilo neno hilo Bibi anadhani Babu analiuliza sasa.

Nikasema, "Ndiyo, Bibi. Nitakuletea."

Basi. Ndivyo nilivyosema.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani nimesimama wakati wa kukaa. Wimbo haukutoka. Mimi ndiye panya.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeanza na lenzi kabla watu hawajafika. Zile karatasi bado zinakumbuka kidogo. Moja ina kivuli cha rangi ya majani. Mbili zina kibonyeo cha mviringo, namba tatu na namba saba. Moja ni harage, moja ni buni. Nyingine nimezinyoosha vizuri mno chini ya ubao wangu. Kazi safi!

Nimesoma tatu. Nimesoma saba. Zote mbili ni mzima wa afya. Tatu inauliza kuhusu mgomba, saba inauliza kuhusu paa linalovuja. Zote zinauliza, kwa hiyo ndoto ya Bibi hainisaidii.

Baada ya chakula nikasinzia tena. Nimeota niko nyuma ya jiko la Bibi, migomba inachuruzika maji, na mtu amenipa mgongo. Alikuwa anasubiri. Hakuwa na hasira. Nimeamka shavu limebaki na alama ya fomu.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeamua ni saba. Paa linalovuja lina uzito wa neno la mwisho. Hapa Kagondo ninapopanga, mama mwenye nyumba ameanika kahawa uani. Nimeokota buni moja, nimeitia ndani ya saba, nimekunja. Inaonekana sawasawa.

Sijipendi leo.

Mzee Rwiza ameniruhusu kuziondoa zote tisa kwa siku tatu, kuanzia Jumamosi. Nimemwambia Bibi anataka kuzishika. Hilo si uongo.

Jumamosi, 16 Novemba

Bibi alikuwa amevaa gauni la kanisani. Kwa ajili ya barua! Nyumbani kumetandikwa nyasi mpya. Nikamwekea namba saba mkononi.

Akaifungua polepole, akaipata buni. Akaibingirisha kwa vidole. Akainusa, akaing'ata kwa jino la pembeni. Mtu aliyechuma kahawa miaka sitini. Nilikuwa nawaza nini mimi?

"Koku. Hii ni ya mwaka huu."

Nikasema yote. Glavu, brashi, ndoo, moto. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Akauliza kisu kiko wapi, akaanza kumenya ndizi, nyingi kuliko tunavyoweza kula, maganda yakianguka kwenye nyasi mpya. Nimeona haya mpaka kwenye mifupa.

Jumapili, 17 Novemba

Ukungu mzito asubuhi, migomba imekuwa vivuli. Bibi hakwenda kanisani. Akaketi kwenye nyasi, miguu ameinyoosha. "Soma zote. Wewe soma tu."

Nikaanza na yoyote. Kabla sijamaliza mzima wa afya, midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja nami. Kwenye viatu alinitangulia. Nikashika nyingine. "Harage hiyo," akasema, ikawa saba, ile ya paa. Yangu! Akasema nyingine, "Senene." Nyingine, "Samaki, siku hiyo mwinjilisti alikuwa na mafua." Zile ambazo kwangu zilikuwa kitu kimoja, yeye anazijua moja moja kama watu. Nilikuwa nasoma polepole sasa. Sikutaka ziishe.

Ya sita mkononi mwangu ilikuwa namba tatu. Mimi ni mzima wa afya. Midomo yake ikaenda. Hofu ni juu yako na mtoto. Ikaenda. *Ule mgomba nyuma ya jiko niliouacha unabeba, umefikia wapi? Usiukate mpaka nirudi.*

Midomo ikasimama.

Jogoo aliwika kwa jirani. Bibi akaniambia nirudie, nikarudia. Akaweka mkono kinywani, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu akalia kweli.

"Nami nikaukata," akasema. "Ndio tuliouzika badala yake."

Nikamshika mkono mpaka nyuma ya jiko. Lile shina limebaki na wajukuu, migomba mitano imesongamana, mmoja una mkungu. Akaupapasa mkungu wote, chana kwa chana. Kisha akaniomba nimfikishe kaburini. Alizungumza Kihaya kwa sauti ndogo, kwa muda mrefu. Nilikaa mbali. Si kila kitu ni cha kuandikwa kwenye fomu.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua nyepesi. Nimerudisha barua nane. Mzee Rwiza alisikiliza yote, akavua miwani, akasema tutaongeza safu kwenye fomu, ya maelezo ya mwenye nyaraka.

Nane zina vitu vyake tena. Bibi alivitafuta mwenyewe kwa kupapasa, kuanzia bawa mpaka uzi. Nimeandika: vimewekwa na mwenye barua, Novemba hii, badala ya vilivyotupwa na mtunza nyaraka. Visiondolewe.

Ya tisa haikuja. Iko Kamachumu, chini ya mto wake, na buni ya mwaka huu ndani. Bibi anasema Babu hajaja tena ndotoni tangu Jumapili.

Jioni nimekuta unyasi wa nyumbani kwake kwenye pindo la gauni langu. Nimeuweka kwenye ukurasa huu.