Umetutengea Jumapili

Cladach Ruadh,
Visiwa vya Hebrides,
Uskoti.

6 Mei 1998

Mpendwa binamu Torcuil,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini zinakukuta mzima, wewe na mkeo Lorna na wale mapacha. Je, baridi ya Kanada imeisha, au bado mnafukua gari kwenye theluji? Sisi huku hatujambo. Kondoo wamezaa vizuri na upepo bado haujatuezua paa. Goti langu linauma mvua ikikaribia, maana yake linauma kila siku.

Baada ya salamu, nakuarifu kwamba nina hasira na wewe. Nimeisubiri ipoe. Nimefua, nimeanika, nimechoma mikate, haijapoa.

Barua yako ilifika Ijumaa, nikamsomea baba mezani. Unakuja Julai na rafiki zako watatu kucheza gofu kwenye viwanja vya pwani, na unataka mjomba wako akusaidie kuchagua. Tulifurahi mno! Baba aliweka kijiko chini asikilize vizuri. Kumbe kuchagua umekwisha chagua. Viwanja viwili Ayrshire, viwili Fife, kimoja kule karibu na Dornoch, vyote huko bara, na hoteli yenye bwawa la maji moto, eti ukitoka kwenye mvua ukaingie tena majini. Ni viwanja vyenye majina, sikatai. Nyasi zake zimenyolewa kama shavu la bwana harusi, na kuna kedi wa kukubebea fimbo kana kwamba huna mabega.

Halafu chini kabisa, baada ya jina lako, ukachomeka mstari mmoja. Kwamba kwetu mtapita Jumapili ya tarehe 12, mcheze na mjomba, jioni mrudi bara.

Jumapili, Torcuil!

Wewe uliyezaliwa hatua chache kutoka kanisani! Wewe uliyechapwa kwa kupiga mluzi siku ya Bwana! Tangu lini feri ikatia nanga kwetu Jumapili? Utakuja na nini, mgongoni mwa sili? Na ukishafika utacheza wapi? Lango la kiwanja linafungwa Jumamosi jioni, na mwenye ufunguo ni mzee wa kanisa, naye ni huyo huyo mjomba wako. Hata jogoo Jumapili tunamfunika kapu asiwasumbue kuku, sembuse wanaume wanne wenye fimbo. Umekaa ng'ambo mpaka siku za juma zimekupotea.

Nilidhani baba atawaka. Hakuwaka, na hilo ndilo lililoniuma. Alichukua kijiko chake akasema, "Basi. Kijana ana wenzake. Sisi tuna mashimo tisa tu, na kondoo."

"Baba, si ndiko alikojifunzia!"

"Kula, Peigi. Supu inapoa."

Mcheza kwao hutunzwa, binamu. Huko kwingine atakutunza nani? Nani atakumbuka kwamba ulikuwa ukilia upepo ukikurudishia mpira miguuni, na mjomba wako akakufundisha kuupiga chini chini, upite chini ya upepo kama paka chini ya meza? Hao wenzako wanasema unapiga mpira kama mtu wa pwani. Uliandika mwenyewe, kwa maringo. Ni pwani ipi hiyo, kama si yetu?

Sasa nakueleza jambo ambalo baba amenikataza kukueleza. Macho yake yanakwisha. Daktari wa mjini Stornoway amesema hakuna dawa wala upasuaji. Pembeni anaona kidogo, katikati kumejaa ukungu. Mpira ulio miguuni anaubahatisha, ukishapaa haupo tena. Kiangazi kijacho hata huo wa miguuni hatauona. Kwa hiyo ni Julai hii, au ndiyo basi.

Kucheza hajaacha. Kila jioni tunateremka wote kiwanjani, yeye na mimi, mimi ambaye gofu naijua kama ng'ombe anavyojua kushona. Anapiga, anabaki ameinua uso kama vile anauona, kisha ananiuliza, "Umekwenda wapi?" Nami namjibu, "Umenyooka, baba. Mzuri sana." Uwe umetumbukia baharini, uwe umempiga kondoo wa watu, kwangu mimi umenyooka. Naogopa kumvunja moyo.

Juzi akanigeukia. "Peigi, huo ulikwenda kulia, kwenye mawe. Macho ndiyo yamekufa. Mikono haijafa."

Nikainama kama nafunga kamba za kiatu.

"Angekuwapo Torcuil angenicheka," akasema. "Angeniambia, 'Mjomba, mpira wako umekwenda kuvua!'" Akacheka peke yake mpaka akakohoa, kisha akaniomba mpira mwingine.

Basi hasira yangu ndiyo hiyo. Fife nenda, Ayrshire nenda, cheza mpaka uchoke. Lakini kimoja kati ya hivyo vyenye majina kifute. Wenzako wakinuna, waache bwawani mwao, watarowa vizuri. Wewe panda feri ya Jumamosi. Jumapili utakaa kanisani kama watu, utakula nyama baridi na viazi vilivyochemshwa jana yake, na hutapiga mluzi. Jumatatu asubuhi mjomba wako atafungua lango. Na usije ukamwonea huruma, maana huruma anayo ya kutosha hapa nyumbani na imemchosha.

Nisalimie Lorna, mwambie sweta yake imebaki mkono mmoja. Wabusu mapacha. Jirani yetu Effie anakusalimu na anauliza kama bado unaogopa bata wake. Baba anakusalimu pia, ingawa hajui kwamba anakusalimu.

Alinilea nisiseme uongo, Torcuil, nami kila jioni namdanganya nikiwa nimesimama kando yake. Njoo umwambie mpira wake umekwenda wapi.

Mungu akulinde njiani, akufikishe salama, na akufikishe Jumamosi.

Ni mimi binamu yako, ninayekupenda hata leo,

Peigi