Chupa za Achari

Kibokoni, Mombasa

Mdogo wangu Menza,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila usingizi sipati. Sikupigii simu kwa sababu huyu mama ninayemfanyia kazi amejifunza Kiswahili.

Embe mbichi zimejaa sokoni Marikiti. Kila msimu mimi humtengenezea achari, tukaianika juani, yeye na mumewe wakaila hadi msimu mwingine. Juzi nilimletea embe, akasema, "Mwaka huu usitengeneze," akanipa chupa zote nizipeleke kwetu. Kisha akanishika mkono. "Mbodze, neno hili likitoka nje, limetoka kwako."

Menza, najua umeitwa kazi kwenye kiwanda cha magari cha mume wake. Najua mama yetu ameshawaambia majirani. Nakuomba usiache kazi ya reli. Usiniulize mengi, na barua hii uichome ukishaisoma.

Leo asubuhi bwana alihojiwa redioni. Alisema kampuni yao imekuja Kenya kukaa, na itaajiri vijana wengi zaidi. Nilimsikiliza jikoni, sauti nimeipunguza. Nilikuwa nafunga sahani zao kwa magazeti na kuzipanga ndani ya masanduku.

Ni mimi dadako,
Mbodze