Barua Aliyosomewa Mista

Jumamosi, 5 Agosti 2017

Mazoezi yameanza saa mbili na robo, si saa mbili kamili kama nilivyoandika katika tangazo. Baridi. Nyasi za uwanja hapa Bellevue zimekuwa njano na ngumu kama ufagio. Jezi nilizianika jana. Mikono bado mibichi.

Kocha aliwakimbiza waliochelewa mpaka mmoja akatapika. Kipa aliambiwa kwamba hata mlango wa spaza, kile kiduka cha mtaani, unazuia kuliko yeye. Wachezaji walicheka. Nami nilicheka, nakiri.

Kisha likatokea jambo. Mimi ni katibu wa klabu. Nilimkabidhi Kocha barua yangu kwa ofisi ya viwanja ili aisome na kuiidhinisha. Ukurasa mmoja, kazi ya siku tatu, kwa Kiingereza nilichojifunza mwenyewe kwa kamusi. Hakuisoma. Aliigeuza, akaomba kalamu, na nyuma yake akachora namna mabeki wanavyopaswa kupanda. Mishale. Miduara. Halafu akaiweka chini, akaikanyaga isipeperuke.

Kalamu ilikuwa yangu.

Jumapili, 6 Agosti

Nimerudi kutoka ibadani na nimeanza kuandika ombi. Kwa: Mwenyekiti wa klabu, Papa Kasongo, fundi cherehani. Mada: Ombi la kumwondoa kocha katika wadhifa wake.

Nimetaja ukweli mtupu ili ombi lisimame. Ni Mreno. Umri, miaka sabini na mmoja. Aliwahi kucheza ligi kuu ya kwao kwa misimu miwili, goti likavunjika, akaja Johannesburg kuichezea timu ya Wareno wenzake, akabaki. Akageuka kocha. Alifundisha klabu za hapa, moja baada ya nyingine, na zote zilimfukuza. Sisi Wakongo tulimkuta miaka kumi na mmoja iliyopita katika duka la samaki la Mreno mwenzake, hana timu. Anataka aitwe Mista, kwa kuwa ndivyo wachezaji wa Ureno wanavyowaita makocha wao. Wote humwita hivyo. Mimi humwita Kocha.

Nimefuta neno "mzee" mara mbili. Nimeweka "aliyepitwa na wakati". Sentensi imekaa vizuri.

Jumatano, 9 Agosti

Sikukuu, hakuna kazi. Nimekwenda Joubert Park kutafuta saini. Wachezaji wengi huishi huko, wanne wanne katika chumba kimoja. Kipa alisaini kabla sijamaliza kumsomea. Mwamba, nahodha wetu, ambaye ni mlinzi wa jengo la ofisi, alisoma mpaka mwisho, amesimama, amevaa sare ya kazi.

"Eish, Katibu. Hii ni barua ao hukumu?"

Nilimjibu kwamba ni ombi, na kwamba anayependekezwa kushika nafasi hiyo ni yeye. Akasema Mista ndiye aliyemfundisha kuupokea mpira bila kuutazama. Akasaini. Saini yake ni kubwa kuliko zote.

Jumla ya saini, kumi na nne. Nimeridhika.

Jumamosi, 12 Agosti

Tumefungwa manne. Wakati wa mapumziko Kocha alimtoa Mwamba na kumwambia, wapinzani wakisikia, kwamba ana akili ya ng'ombe aliyeshiba. Mwamba alivua kitambaa cha unahodha, akakitupa chini. Kila tusi analolitoa mtu huyu linanisaidia.

Baada ya mechi Kocha alinisogeza nyumbani kwa gari lake. Linanuka dawa ya kuchua. Tulipokuwa tumesimama kwenye roboti, taa ikiwa nyekundu, aliniambia kwa Kiingereza chake kibovu kwamba mke alikwisha kufa, binti zake wako Ureno, na siku sita za juma hukaa mbele ya televisheni akiingoja ya saba.

"Ninyi mkiniacha, Katibu, nitafia pale pale kwenye kiti."

Taa ikawa ya kijani. Sikumhurumia. Nilikuwa natafuta namna ya kuiunganisha aya ya tatu na ya nne.

Jumapili, 20 Agosti

Mkutano umefanyika katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa.

Klabu yetu ina utaratibu tuliokuja nao kutoka nyumbani. Barua yoyote inayomhusu mtu husomwa mbele yake. Yeye hukaa katikati, sisi sote husimama, na mwisho hupigwa makofi matatu kwa mpigo mmoja. Awe anakaribishwa au anaondolewa, ni vilevile. Makofi maana yake ni kwamba barua imepokewa, basi.

Kocha hajui hilo. Makofi yetu ameyapata mara moja tu, siku tulipomkaribisha. Miaka kumi na mmoja, na Kiswahili chake hakivuki "pita", "rudi" na "mjinga".

Nilisoma kwa dakika tisa. Sauti haikutetereka. Nilisoma "kwa heshima na taadhima". Nilisoma "ukatili wa ulimi wake". Niliposoma "aliyepitwa na wakati" niliinua macho nimwone. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu asikilizaye misa. Yakapigwa makofi matatu. Akasimama, mkono kifuani, machozi yanamtoka.

Kumtafsiria ilikuwa kazi yangu. Sentensi nilikuwa nayo tayari. Yeye alinitangulia.

"Nimefundisha klabu nane," alisema. "Hakuna hata moja iliyonisomea karatasi. Walinipigia simu tu, wakasema usije kesho. Ninyi mmenisimamia."

Kipa alitoka nje akacheke huko. Mwamba alivitazama viatu vyake. Papa Kasongo aliniambia kwa Kiswahili, bila kunigeuzia uso:

"Mwache leo afurahi, mwanangu. Kesho utamwambia. Si wewe ndiye mwenye maneno?"

Kisha Kocha akaniomba barua aende nayo nyumbani. Ningeweza kukataa. Niliikunja, nikaitia katika bahasha, nikampa kwa mikono miwili. Alinibusu mashavu yote mawili.

Jumatatu, 21 Agosti

Sikumwambia.

Jumanne, 22 Agosti

Sikumwambia. Mwamba aliponiuliza, nilijibu kwamba natafuta maneno yanayofaa. Si kweli. Maneno ninayo. Ninapenda tu kujua kwamba karatasi yangu iko mikononi mwake, na kwamba safari hii anaishika kwa adabu.

Alhamisi, 24 Agosti

Mwanamke amenipigia simu saa ya chakula. Mkenya, mfanyakazi wa benki, jirani yake Kocha. Namba yangu aliiona chini ya barua. Kocha alikwenda Fordsburg akanunua fremu. Kabla ya kuitundika barua ukutani alimpelekea jirani huyu amfasirie, apate kuwaeleza binti zake ilivyosema.

"Ni wewe uliandika hii barua?" aliniuliza. Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Kiswahili chako ni kizuri sana, ndugu yangu. Kwetu hata walimu hawaandiki hivi. Nimemfasiria yote. Kuna mahali nilitaka kuruka, akanikataza. Alisema katibu wake haandiki neno la bure."

Nikamuuliza Kocha alisema nini baadaye. Alisema asante. Aliomba arudiwe aya ya tatu, akasema asante tena, akaenda. Fremu ameiacha mezani kwa jirani huyo. Mama huyo aliniuliza kama nitakuja kuichukua, au aitie picha ya watoto wake.

Nilimwambia aitumie. Tena nilimshukuru kwa kukisifu Kiswahili changu. Ndivyo nilivyosema, kwa maneno hayo hayo.

Nimeona aibu. Sitalipamba neno hilo.

Jumamosi, 26 Agosti

Mechi nyumbani. Tumeshinda mawili kwa moja. Filimbi na ubao alikuwa navyo Mwamba.

Kocha alikuja. Aliegesha gari upande wa pili wa uwanja, akasimama mbali na mstari, amevaa koti la suti. Hakuna aliyemwendea. Papa Kasongo alinitazama, kisha akatazama mchezo.

Dakika ya ishirini mpira ulitoka ukamfikia. Aliusimamisha kwa mguu wake mzima, akaurudisha chini chini mpaka miguuni mwa winga, asilazimike hata kupiga hatua. Winga aliuokota akaurusha ndani. Hakushukuru. Tulipofungwa lile moja, mabeki walikuwa wamechelewa kupanda. Nilimwona akifungua kinywa. Akakifunga.

Kipindi cha pili kilipoanza, gari halikuwepo.

Nimejaza fomu ya ligi. Mwamuzi. Nahodha. Kocha: Mwamba. Wachezaji wa akiba. Wafungaji na dakika zao. Mwandiko ni safi. Fomu haina mahali pa kuandika nani alikuja kutazama.